Somo kwanza, mashine baadaye: historia ya kompyuta ya BBC Micro



Katika robo hii tumepokea tena maombi ya kompyuta kutoka kwa kamati za parokia. Nyingine zinaomba kwa ajili ya ofisi, nyingine kwa ajili ya shule, nyingine kwa ajili ya kikundi cha vijana. Wafadhili nao wanatuuliza: zikipatikana, zitafanya kazi gani? Ni swali la haki, na tunakiri kwamba huko nyuma hatukulijibu vizuri. Tuliwahi kupokea kompyuta zilizotumika, tukazigawa kwa furaha na kupiga picha za makabidhiano. Tulipozitembelea baadaye tulikuta baadhi zimefunikwa kitambaa safi cha meza, hazijawashwa kwa miezi mingi. Hazikuwa mbovu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amefundishwa kuzitumia, na zilipokwama hakuna aliyejua amuulize nani.

Kwa sababu hiyo, somo la toleo hili ni la historia. Tutaangalia kompyuta moja ya zamani iliyotengenezwa Uingereza, BBC Micro. Tumeichagua kwa sababu moja kubwa: watu walioianzisha hawakuanza na mashine. Walianza na somo walilotaka kuwafundisha wananchi, kisha wakatafuta mashine ya kulifundishia. Tunaomba kila kamati isome polepole na kujadili maswali yaliyo mwishoni.

1. Ilivyoanza

BBC ni shirika la utangazaji la Uingereza, ambalo wengi wetu tunalifahamu kwa matangazo yake ya redio kwa Kiswahili yaliyoanza mwaka 1957. Mwezi Machi 1978 shirika hilo lilionyesha kwenye televisheni filamu iliyoitwa Now the Chips Are Down. Filamu ilieleza jinsi vijisehemu vidogo vya kielektroniki, yaani chipu, vilivyokuwa vinaanza kufanya kazi zilizofanywa na watu viwandani na maofisini. Watazamaji wengi walishtuka. Walijiuliza: kazi zetu zitakwenda wapi, na watoto wetu wajifunze nini?

Idara ya elimu ya watu wazima ya BBC ililichukua swali hilo kwa uzito. Watayarishaji walifanya uchunguzi kwanza, wakatoa taarifa mwaka 1979, kisha wakapanga mradi mzima wa kuwafundisha wananchi matumizi ya kompyuta. Mradi ulikuwa na vipindi vya televisheni, vitabu na kozi ya kujisomea. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo la mashine. Wakati ule kila kompyuta ya nyumbani ilikuwa na lugha na utaratibu wake. Mwalimu wa televisheni angefundisha amri moja, na mtazamaji akiiandika kwenye mashine yake nyumbani isifanye kazi. Hivyo BBC ikaamua kuwe na kompyuta moja iliyochukua jina lake, ili anachokiona mtu kwenye kipindi akifanye mwenyewe kwa mikono yake.

Shirika liliandika orodha ya mambo ambayo mashine hiyo ilipaswa kuyaweza. Kompyuta iliyofikiriwa kwanza, NewBrain, ilionekana haitakuwa tayari kwa wakati. Ndipo kampuni nyingine zikaitwa kuonyesha uwezo wao.

2. Wiki moja mjini Cambridge

Mojawapo ya kampuni hizo ilikuwa Acorn, kampuni changa ya mji wa Cambridge iliyoanzishwa mwaka 1978 na Hermann Hauser na Chris Curry. Acorn ilikuwa imeuza kompyuta ndogo iliyoitwa Atom tangu 1980, na ilikuwa na mawazo ya mashine bora zaidi, lakini mawazo hayo yalikuwa bado kwenye karatasi. Mapema mwaka 1981 walipata habari kwamba watu wa BBC wangefika Ijumaa kuiona.

Hauser aliwapigia simu wataalamu wake wawili vijana, Sophie Wilson na Steve Furber. Kila mmoja alimwambia kwamba mwenzake amesema kazi hiyo inawezekana ndani ya wiki moja, ingawa hakuna aliyekuwa amesema hivyo. Kuanzia Jumatatu walichora, wakaunganisha nyaya moja moja kwa mkono, wakapima usiku na mchana. Ijumaa asubuhi mashine ilikuwa bado haifanyi kazi. Hauser akapendekeza wakate waya mmoja uliokuwa ukiiunganisha na mashine ya majaribio. Wakaukata, na ikafanya kazi. Wageni walipofika, walikuta kompyuta iliyowashwa, na Acorn ikapewa kazi.

Tunapenda kisa hiki, lakini tusikielewe vibaya. Wengine hukisimulia kana kwamba maajabu ya wiki moja yanatosha. Wiki ile ilifanikiwa kwa sababu mwenye kazi alikuwa ametumia muda mrefu kueleza kwa maandishi anahitaji nini. Acorn ilijua wazi inajenga kitu gani, cha nani, na cha kufanyia nini.

3. Mashine yenyewe

BBC Micro ilitolewa tarehe 1 Desemba 1981. Ilikuwa sanduku la plastiki lenye rangi ya maziwa, na kibodi yake ikiwa sehemu ya sanduku hilohilo. Juu ya vitufe vyeusi vya kuandikia kulikuwa na safu ya vitufe 10 vyekundu ambavyo mtumiaji aliweza kuvipangia kazi yake mwenyewe. Ilikuwa na alama ya bundi iliyochorwa kwa nukta. Kwetu bundi ni ndege wa mkosi, lakini kwa Wazungu ni alama ya hekima, na ndiye aliyekuwa nembo ya mradi mzima.

Prosesa yake, yaani sehemu inayofanya hesabu, iliitwa 6502 na ilikwenda kwa kasi ya megahezi 2. Ilitolewa kwa aina mbili. Model A ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16, na Model B kilobaiti 32. Kwa kipimo cha leo ni kidogo mno. Kilobaiti 32 ni kama kurasa 13 hivi zilizopigwa chapa. Picha moja ya simu huweza kuhitaji nafasi mara mia moja ya hiyo. Tena picha iliyoonekana kwenye kioo ilikula kumbukumbu hiyohiyo. Mtu aliyetaka michoro mizuri zaidi alitumia kilobaiti 20 kwa ajili ya kioo tu. Aliyeridhika na maandishi ya mistari 25 alitumia kilobaiti 1. Kwa hiyo kila aliyeandika programu alilazimika kuchagua, kama mama anayepanga matumizi ya nyumba kwa mshahara mdogo.

Mashine iliunganishwa na televisheni ya kawaida. Kazi iliyofanywa ilihifadhiwa kwenye kanda kwa kutumia redio kaseti, na wenye uwezo walinunua kisomeo cha flopi. Nyuma na chini yake kulikuwa na matundu mengi ya kuunganishia vifaa: printa, vipimo vya maabara, hata prosesa ya pili. Kulikuwa pia na njia ya kuziunganisha kompyuta za darasa zima kwa waya, iliyoitwa Econet, ili darasa lenye diski moja na printa moja liweze kuvitumia kwa pamoja. Aliyenunua Model A aliweza baadaye kuongeza sehemu na kuifanya kuwa Model B bila kununua mashine nyingine.

Lakini sifa yake kubwa kwa mwalimu ni kwamba ilikuwa tayari kufundishwa mara tu ilipowashwa. Mtumiaji aliiwasha, na papo hapo ikasubiri amri katika lugha ya BASIC. Kwa mfano, mtoto aliandika mistari hii mitatu:

10 FOR N = 1 TO 12
20 PRINT N * 7
30 NEXT N

Kisha akaandika RUN. Mstari wa kwanza unasema: chukua namba kuanzia 1 hadi 12. Wa pili unasema: zidisha kila namba kwa 7 na uonyeshe jibu. Wa tatu unasema: nenda kwenye namba inayofuata. Mara moja jedwali la saba linatokea kwenye kioo. Mtoto akibadilisha 7 kuwa 8, anapata jedwali la nane. Hapo amejifunza jambo ambalo maneno matupu yangeshindwa kumfundisha: kwamba mashine haina akili yake yenyewe, bali hufuata maagizo ya mtu, na mtu huyo anaweza kuwa yeye.

Lugha hiyo iliyoandikwa na Sophie Wilson ilisifiwa kwa sababu ilimruhusu mwanafunzi kuigawa kazi kubwa katika kazi ndogondogo zenye majina, na kuipanga kwa utaratibu unaosomeka.

4. Waliofundisha

Tarehe 11 Januari 1982 BBC ilianza kuonyesha vipindi 10 vya The Computer Programme. Watangazaji wake walikuwa Chris Serle na Ian McNaught-Davis. Serle alichukua nafasi ya mtu asiyejua kitu, akiuliza maswali ambayo mtazamaji nyumbani angeona aibu kuuliza. Mwenzake alimjibu kwa utulivu. Pamoja na vipindi kulikuwa na kozi ya kujisomea ya saa 30 kuhusu lugha ya BASIC, iliyoandaliwa na National Extension College. Mashine yenyewe ilikuwa na kitabu cha maelekezo chenye kurasa takriban 500.

Serikali nayo ilishiriki. Mwaka 1981 ilitangaza mpango wa kulipa nusu ya bei ya kompyuta kwa kila shule ya sekondari, na mwaka 1982 ikauongeza kwa shule za msingi. Nusu nyingine ilitafutwa na shule pamoja na mamlaka ya elimu ya eneo lake. BBC Micro ilikuwa mojawapo ya mashine zilizoruhusiwa katika mpango huo. Sambamba na hayo, kuanzia 1980 hadi 1986 kulikuwa na mpango wa taifa wa kufundisha walimu na kuandaa programu za masomo. Ndugu wanakamati, tuone jinsi mambo yalivyopangwa: fedha za mashine upande mmoja, fedha za walimu upande wa pili, na mchango wa wenyeji katikati.

Matokeo yalizidi matarajio. Mwanzoni ilikadiriwa kwamba zingeuzwa mashine 12,000. Mwisho wake ziliuzwa zaidi ya 1,500,000.

5. Kasoro zake

Tusingekuwa wakweli kama tungesifu tu. Kwanza, bei yake ilikuwa kubwa. Ilipangwa iwe pauni 235 kwa Model A na pauni 335 kwa Model B, lakini mara ikapanda kuwa 299 na 399. Wakati huohuo kampuni ya Sinclair, nayo ya Cambridge, ilikuwa ikiuza kompyuta yake ya ZX81 kwa pauni 69.95. Familia nyingi za kipato cha chini zilinunua za Sinclair, na watoto wao wakaiona BBC Micro shuleni tu.

Pili, mashine zilichelewa. Wanunuzi walikuwa wengi kuliko zilizotengenezwa, na baadhi ya sehemu zake, hasa ile ya umeme na chipu ya picha, zilipata joto kupita kiasi. Vipindi vilianza wakati watu wengi walioagiza mashine walikuwa bado wanasubiri. Kwa bahati nzuri vitabu na vipindi vilikuwa na maana hata kwa aliyekuwa bado hana mashine.

6. Onyo la mwaka 1986

Kasoro ya tatu ni kubwa zaidi, na inazihusu moja kwa moja ofisi zetu. Mwaka 1086 Mfalme William wa Uingereza alikamilishiwa daftari la ardhi na mali za nchi, liitwalo Domesday. Ilipotimia miaka 900, yaani mwaka 1986, BBC na washirika wake walitoa daftari jipya la aina hiyo. Zaidi ya watu milioni moja walichangia, wengi wao watoto wa shule, wakieleza maisha ya vijiji na mitaa yao kwa maandishi na picha. Yote yaliwekwa kwenye santuri mbili zilizosomwa kwa mwanga wa leza, zikiendeshwa na kompyuta ya ukoo wa BBC Micro.

Mtambo kamili uligharimu karibu pauni 5,000, hivyo shule nyingi zilizochangia hazikuweza hata kununua kazi yao wenyewe. Miaka ikapita, mitambo ikachakaa, vipuri vikapotea. Kufikia mwaka 2002 wataalamu walikuwa wakihangaika kutafuta njia ya kuzisoma santuri hizo ambazo hazikuwa zimefikisha hata miaka 20. Daftari la ngozi la mwaka 1086 lilikuwa bado linasomeka. Kwa juhudi kubwa habari ziliokolewa, na mwaka 2011 michango ya wananchi ikawekwa kwenye intaneti.

Tunaposikia kwamba ofisi fulani imeingiza rejesta ya ubatizo kwenye kompyuta, tunafurahi. Tukisikia kwamba daftari la karatasi limetupwa, tunasikitika. Kompyuta itafute haraka, lakini daftari libaki kabatini, na nakala ya pili iwekwe mahali pengine.

7. Kilichobaki

BBC Micro haitengenezwi tena, lakini matunda yake tunayo mifukoni. Mwaka 1983 Wilson na Furber walianza kubuni prosesa mpya ya Acorn, iliyoitwa ARM. Waliijaribu kwa kuichomeka kwenye BBC Micro. Chipu ya kwanza ilifanya kazi tarehe 26 Aprili 1985. Furber alipotaka kupima inatumia umeme kiasi gani, kipimo kilionyesha sifuri. Akagundua kwamba umeme wa chipu ile haukuwa umeunganishwa kabisa. Ilikuwa ikiendeshwa na umeme mdogo uliovuja kutoka kwenye sehemu za jirani. Ubahili huo wa umeme ndio ulioifanya ifae sana kwa simu za mkononi. Mwaka 1990 ARM ikawa kampuni inayojitegemea, na leo prosesa za ubunifu huo zimo katika karibu kila simu ya kisasa, pamoja na zile tunazotumia kutumiana fedha.

Mwaka 2012, mjini Cambridge tena, ilitolewa kompyuta ndogo kama kadi iitwayo Raspberry Pi, ili watoto wajifunze kuandika programu. Watengenezaji wake walitumia majina ya Model A na Model B kwa kuikumbuka BBC Micro, na bei zake za mwanzo zilikuwa dola 25 na 35. Mmoja wa waanzilishi wa taasisi yake, David Braben, aliwahi kutunga pamoja na Ian Bell mchezo maarufu wa BBC Micro, Elite, mwaka 1984. Waliofundishwa walirudi kufundisha.

8. Linalotuhusu

Hatuwaambii msiombe kompyuta. Tunasema ombi lianze na somo. Kamati iandike kwanza: nani atajifunza nini, kwa saa ngapi kwa wiki, na baada ya mwaka mmoja ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi. Kisha imtaje mwalimu, imtaje fundi, na itaje umeme utatoka wapi. Mashine iandikwe mwisho wa orodha. Huenda kamati ikagundua kwamba inahitaji mbili badala ya kumi.

Kwenu wafadhili wetu, tunawashukuru kwa moyo wenu, nasi tunawaomba jambo moja. Mnapotoa fedha za mashine, tengeni sehemu kwa ajili ya mwalimu na matengenezo. Sehemu hiyo haipendezi kwenye picha ya makabidhiano, lakini bila hiyo tutarudi kwenye kitambaa cha meza. Kwa upande wetu, kuanzia sasa tutarudisha kwa kamati ombi lolote la kompyuta lisilotaja mwalimu, ili likamilishwe kabla ya kulituma mbele.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, parokia yetu ina kifaa chochote kisichotumika? Tatizo ni kifaa, au ni kukosa mtu wa kutufundisha?

2. Katika vipindi vya BBC alikuwepo mtu aliyeuliza maswali ya wasiojua. Kwenye kamati yetu ni nani anaruhusiwa kusema "sijaelewa" bila kuchekwa?

3. Serikali ya Uingereza ililipa nusu, wenyeji wakatafuta nusu. Sisi tunaweza kuchangia nini, hata kama si fedha?

4. Kumbukumbu zetu muhimu ziko wapi? Kompyuta ya ofisi ikiungua leo, kesho tutasoma nini?

5. Vijana watakaofundishwa watarudisha nini kwa wenzao?

Tunaomba majibu yenu yatufikie kabla ya toleo lijalo.